Mashine Haina Kinyongo

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na miwani mipya iko njiani. Huku tuko wazima wa mwili. Roho ndizo zinazochemka. Najua macho yako bado hayawezi maandishi yangu, kwa hiyo anayekusomea barua hii ni kaka. Vizuri sana. Kaka, shikamoo nawe. Soma kwa sauti na usiruke mstari.

"Mashine haina kinyongo, mwenye kinyongo ni mtu." Hivyo ndivyo alivyoniandikia kaka wiki iliyopita, mama, akiamuru wifi aondolewe karakana kabla mwezi haujaisha. Anadai vifaa vyetu vinakosea kwa sababu mkweo anaviharibu makusudi, kulipiza kisasi cha ndoa yao iliyovunjika. Sentensi tamu hiyo, ukiisikia unatikisa kichwa kukubali. Ni upuuzi mtupu. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mtu akianza kusifia unyofu wa chuma, tayari amemchagua binadamu wa kumbebesha lawama. Kweli, mashine haina kinyongo. Lakini mashine hutumwa, na anayeituma anaweza kuwa nacho tele.

Unakijua kifaa chetu: kile kidogo kinachokaa kwenye friji ya dawa na kupiga kelele baridi ikizidi au ikipungua. Ndani yake kuna bodi, na kwenye bodi kuna chipu, ambayo bila programu haijui hata kuwasha taa. Zamani wifi alipakia programu bodi moja moja, kwa waya na ile kompyuta ya kaka. Kaka alipohamia kwako aliibeba kompyuta, na faili la programu likiwa ndani. Kisha maombi ya wateja yakatuzidi, kaka akatuletea mashine ya kupakia bodi nyingi kwa mpigo. Unazipanga kwenye kitanda chake, unashusha mkono wa chuma, sindano za springi zinagusa kila bodi. Taa ya kijani, imekubali. Nyekundu, imekataa.

Mama, mashine ile ilinitoa machozi. Nafasi ya tatu ilikataa kila bodi tuliyoilaza. Nikampigia mtaalamu wetu, kaka huyohuyo, naye akaniuliza kama nimechomeka kwenye umeme. Mimi! Nikamwambia taa nyekundu haiwaki kwa maombi. Akasema basi ni mikono ya wifi, anazilaza vibaya. Wifi akaniachia kiti, nikazilaza mwenyewe, nyekundu ileile. Tukabadilisha waya, tukabadilisha bodi, tukatukanana kidogo, mwisho tukaona sindano moja imenata chini kwa ule utomvu unaobaki baada ya kulehemu. Tukaisafisha kwa spiriti, ikaruka juu. Tukashangilia. Hapohapo mtu akawasha feni ya chumba cha kulehemu na mashine nzima ikazimia. Tukaihamishia kwenye soketi ya ofisini kwangu, na tangu siku hiyo naandika barua za wateja huku nikisikia mlio wake sikioni kama mbu.

Basi ikatulia. Ikabaki kulisha mashine hiyo programu. Nikamwomba kaka atume faili. Alikataa katakata. Alisema faili halitoki kwenye kompyuta yake kwa sababu karakana ina mtu asiyemwamini. Badala yake alituma kwa kifurushi bodi moja iliyokwisha kufanya kazi, akasema tuisomeshe mashine yote yaliyomo, halafu mashine inakili hivyohivyo kwenye nyingine. Tukafanya. Kijani, kijani, kijani, mstari mzima. Wifi peke yake alikunja uso. Aliuliza mbona bodi hizi haziombi barafu. Maana kila kifaa cha zamani, ukikiwasha mara ya kwanza, taa hupepesa mpaka ukitie kipima joto chake kwenye maji ya barafu. Hapo ndipo kinajifunza kipima joto chake kinakosea kiasi gani, na kujisahihisha. Hivi vipya vilikaa kimya. Kaka alicheka kwenye simu, akasema hayo ndiyo maendeleo, na wifi azoee.

Maendeleo yakamfika muuza dawa wa kona. Alikuja na kifaa chetu mkono mmoja na boksi la dawa zilizoganda mkono mwingine, akaviweka juu ya meza yangu bila salamu. Friji yake ilikuwa imegeuka barafu huku kifaa kikisema hali ni shwari. Aliniuliza kama tunauza ving'ora au mapambo. Mama, dawa zile ni za watoto wa watu. Nikamwandikia kaka, na jibu lake ndilo hilo la kinyongo.

Sasa sikiliza kinyongo kinavyopimwa. Nilijaza ndoo maji ya barafu, nikatumbukiza vipima joto vya vifaa vyote vilivyobaki stoo, vya zamani na vipya. Vya zamani vilisema kweli. Vipya vyote vilisema kuna joto kubwa kuliko lililopo, na vyote kwa kiasi kinachokaribiana, kama kwaya. Mtu mwenye kisasi hana nidhamu hiyo. Wifi akanikodolea macho, nami nikamkodolea, tukasema kwa pamoja: barafu! Bodi ile ya mfano ilikuwa imekwisha kujifunza kipima joto chake, na marekebisho hayo yalikaa ndani yake pamoja na programu. Tukanakili vyote. Kila bodi mpya ikaamka ikidhani imekwisha kusoma, kumbe inabeba masomo ya mwenzake. Na ile taa ya kijani? Ilithibitisha tu kwamba nakala imefanana na mfano. Hakuna aliyeiuliza kama mfano wenyewe ni mzima.

Haukuwa mzima. Kaka, hapa usikohoe. Wifi aliigeuza bodi ile, akaona tone jekundu la rangi ya kucha pembeni, akaketi sakafuni akacheka mpaka nikaogopa. Tone aliliweka yeye. Bodi hiyo ilitoka kwenye friji ya jikoni mwao, kifaa cha kwanza kabisa walichotengeneza yeye na kaka, ambacho waya wake wa kipima joto ulibanwa na mlango, na bwana mkubwa akauunga kwa mkono badala ya kuubadilisha, akakitia barafuni upya kijisahihishe. Marekebisho ya waya ule mgonjwa ndiyo yaliyokinyamazisha kifaa friji ya muuza dawa ilipoganda. Wifi alipomaliza kucheka, alilia. Alisema hakujua kaka aliibeba hata hiyo.

Mama, bado kuna la kukueleza. Vifaa vyote vipya nimeviita virudi, na muuza dawa nimemwambia kosa ni letu, bila kutaja mtu. Barua ya kumwondoa wifi, ambayo kaka alitaka niitie sahihi, nimeichana. Na ufunguo wa karakana niliokuwa nimeshika mimi kwa niaba ya kaka, sasa anao wifi. Akitoka, natoka naye, na mashine itabaki inatoa taa ya kijani peke yake.

Wasalimie majirani wote, na mwambie shangazi kitambaa chake nimekipata.

Wewe kaka: tuma faili lenyewe, leo, na kwa wifi uandike kwa mkono wako kwamba hakuharibu kitu. Nawe mama, usimruhusu ainuke kwenye kiti mpaka aandike. Na kama kwenye habari ya friji ya jikoni sauti yake ilishuka usisikie vizuri, mwambie arudi nyuma asome tena.

Binti yako akupendaye,
wa karakana