Alfabeti Haipatikani

Kaka yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima wa mwili, usingizi unaupata, na vumbi la hicho kiwanda limeacha kukusumbua kifua. Sisi huku hatujambo. Mama goti limepoa, mdomo ndio umezidi. Wifi na watoto wazima. Yule mdogo ameota meno ya mbele na anang'ata chochote kinachopita, nikiwemo mimi shangazi yake. Mashine kubwa ya kuchapa inafanya kazi. Ile ndogo inafanya kazi ikijisikia.

Utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Siku ile nilipokupigia ukiwa kazini uliniuliza kuna nini, nikasema nitakueleza. Ndiyo nakueleza sasa. Kwa simu mimi na wewe tunakatizana, unaanza wewe, namalizia mimi, mwisho tunakata tukiwa tumenuniana. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Unajua kwamba kati ya kila madaftari kumi yanayotoka hapa kwetu, sita ni ya shule za Alfabeti. Wakituacha hao, tunabaki na kadi za harusi na vitabu vya risiti, na mkata karatasi itabidi nimwambie akatafute kwingine. Miaka yote zabuni tulikuwa tunapeleka kwa bahasha, mkononi. Mwaka huu wamesema kila kitu kinapitia kwenye tovuti yao, na mlango unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Bei zangu nilikuwa nimezipiga na kuzirudia, ila nilimsubiri muuza karatasi, naye alinipa bei yake Alhamisi jioni. Mimi sipeleki bei ya kukisia. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikakaa kwenye laptopu, nikaandika jina la tovuti, nikabonyeza. Ikaniambia ukurasa huo haupatikani.

Nikarudia, nikidhani nimekosea herufi. Haupatikani. Benki inafunguka, magazeti yanafunguka, hata yule mwanamke anayefundisha kufuma vitambaa anafunguka na sauti yake yote. Alfabeti tu ndiyo haipo duniani.

Nikampigia karani wao. Nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba tovuti yao imekufa, na wakiwa waungwana wasogeze muda. Akanijibu, naye kwa adabu yake ya kuudhi, kwamba wenzangu wote wameshaingia, wengine tangu Jumatatu, labda dada niangalie kwangu. Nikawapigia wanaotuuzia intaneti. Kijana wa huduma kwa wateja akaniambia nizime niwashe. Nikamwambia nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea. Akaniuliza kama kuna tatizo jingine angependa kunisaidia. Nikamwambia hili la kwanza bado hajanisaidia.

Ikanijia akili. Nikashika simu yangu, nikatumia bando langu mwenyewe, na Alfabeti hiyo ikafunguka, watoto wanacheka pichani kama hakuna kilichotokea. Lakini mafaili ya bei na mifano ya majalada yote yako kwenye laptopu. Nikaifanya simu iigawie laptopu intaneti, nikijua nimemaliza kazi. Kaka, safari hii haikufunguka hata benki! Hakuna kilichofunguka. Hapo nikaamua laptopu imekufa, na nikakulaumu kwa sauti, maana wewe ndiye uliyeinunua kwa mtu na ukaipanga mwenyewe kabla ya kunikabidhi. Mkata karatasi ni shahidi.

Nikamwita fundi, yule wa mtaa wa pili wanayemwita Kebo. Alikuja na bisibisi moja tu nyuma ya sikio. Kitu cha kwanza aliniuliza wifi iko wapi. Nikamjibu wifi yuko nyumbani kwake, anamtakia nini? Akasema, “Waifai, dada, waifai!” Mkata karatasi alicheka mpaka akakalia rimu mpya, na nusu yake imekunjika. Hasara nimeiandika kwa jina lake.

Kebo alinieleza jambo nikalielewa mara moja, maana ni mambo ya namba. Anasema binadamu tunaandika majina, lakini mashine huko ndani haijui jina, inajua namba. Kila ukiandika jina la tovuti, laptopu inamuuliza mtu wake: huyu namba yake ngapi? Ikijibiwa, ndipo inakwenda. Akafungua kidirisha cheusi, akamuuliza huyo mtu namba ya benki, ikaja namba ndefu yenye heshima. Akamuuliza Alfabeti. Zikaja sifuri nne zimepangwa mstari. Nikamwambia hiyo si namba, hilo ni tusi.

Akasema ndiyo hivyo, huyu anayejibu anamjua Alfabeti vizuri, ila amekatazwa kumtaja. Na anayejibu si kampuni ya intaneti. Yumo humu humu ofisini. Tukafuata waya tukamkuta juu ya kabati la wino: kile kisanduku cheusi ninachokifuta vumbi kila wiki nikidhani ni cha king'ora. Laptopu uliiagiza imuulize huyo tu, asiulizwe mwingine. Ndiyo maana nilipoihamishia kwenye intaneti ya simu haikufungua kitu: ilikuwa inamwita mtu ambaye kwenye njia ile hayupo.

Nikamwambia basi tuiagize imuulize mwingine, twende zetu. Kebo akasema inawezekana, lakini kompyuta ya kupangia kurasa na mashine zote mbili nazo zinamuuliza huyo huyo, na kama hatujui kwa nini anakataa, kesho nitampigia simu tena kwa ajili ya jina jingine. Saa saba ilikuwa haijafika. Nikakubali. Kisanduku kikadai neno la siri.

Ndipo nikakupigia. Nyuma yako mitambo inanguruma, ukaniambia hulijui, nimuulize mke wako, ukakata. Nikawaza, mwanamume gani anakuwa na kitu chake ofisini kwake halafu hajui neno la kukifungulia? Nikampigia wifi. Akauliza ni la nini. Nikamweleza juujuu, akanitajia herufi moja moja, kisha akaniomba nisifute kitu chochote humo. Sikumjali sana.

Ndani tulikuta amri moja tu, ya mstari mmoja: kila jina lenye “beti” ndani yake lizuiwe. Kebo akaiangalia. Akahesabu kwa vidole, al, fa, be, ti, kisha akapiga paja. Akasema huyu aliyeandika hivi amewazuia wacheza kamari, na watoto wa chekechea amewazoa humo humo. Hata washairi wakifungua tovuti ya beti zao, hapa ofisini hutawaona kamwe. Tulicheka sote. Halafu akauliza, kwa utani tu, nani humu anabeti. Akamtazama mkata karatasi, aliyeapa kwamba mkeka anaoujua yeye ni wa kulalia, si wa kubashiria mechi. Kisha akanitazama mimi.

Hapo damu ilinipanda. Nikapiga hesabu. Wewe hupo. Mkata karatasi laptopu haigusi. Laptopu ni yangu. Kwa hiyo aliyewekewa kufuli ni mimi! Mimi niliyeanza na meza ya kalamu na vifutio nje ya geti la shule, jua langu, mvua yangu. Mimi ambaye hata tiketi ya bahati nasibu ya shuleni hakuna aliyewahi kuniuzia. Wewe unanishuku, hunisemi, unaniwekea askari juu ya kabati, na askari mwenyewe namfuta vumbi mimi. Nilisema maneno ambayo mama nitamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu.

Nikampigia wifi tena nikayamwaga yote. Nikamwambia amwambie mume wake aje achukue ofisi yake, na Alfabeti ikipotea leo aihesabu ni kazi ya mikono yake.

Wifi akaniambia nitoke nje, niende mahali ambapo hakuna anayenisikia. Nikaenda kule nyuma tunakotupa mabaki ya karatasi. Akasema, “Si wewe, wifi.”

Akanieleza kwamba kisanduku kilikuwepo juu ya kabati kabla mimi sijaletwa ofisini. Kwamba ulikiweka mwenyewe, ukaandika ile amri mwenyewe, kisha ukamkabidhi yeye kibodi, ukageukia ukutani ili abadilishe neno la siri usilione. Ukamwapisha asikutajie hata ukimwomba vipi. Na kwamba ulimwomba, mara ya mwisho ukiwa umepiga magoti jikoni, naye hakukutajia.

Nilikaa juu ya yale mabaki. Kaka, mimi ninajumlisha vitu kwa riziki yangu, na hili sikuwahi kulijumlisha. Ulipofuta sahihi yako benki ukaniachia mimi. Ulipoacha funguo za kasha mezani kwangu ukasema umechoka kuzibeba. Ulipochukua mkataba wa huko mbali, kwa mshahara unaoingia moja kwa moja kwa mke wako. Mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba kaka yangu amenibwagia mzigo akaenda kupumzika. Nimesema hivyo kwa mama. Nimesema hivyo kwa muuza karatasi. Kumbe wewe ulikuwa unaondoa kila kitu ambacho mkono wako ungeweza kukifikia.

Wifi aliniomba nisikwambie kwamba najua. Nikamjibu ahadi hiyo sitoi, maana mimi siwezi kukaa na wewe mezani nikijifanya sijui.

Niliporudi ndani ilikuwa inakaribia saa tisa, na Kebo kidole kiko tayari. Akasema anaifuta amri, dakika moja tumemaliza. Nikamwambia akiifuta hiyo, naye namfuta kwenye orodha ya mafundi. Nikamuuliza kama inawezekana Alfabeti peke yake apite na mlango ubaki umefungwa. Akasema inawezekana, lakini kisanduku ni cha zamani, kina mambo yake, na mimi nina saa moja. Kisha ofisi yenyewe hakuna anayebeti, kufuli la nini? Nikamwambia aandike.

Akaandika ruhusa ya jina moja. Tukajaribu. Haipatikani! Mkata karatasi akaanza kufagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Nilifikiria kusema haya, futa. Neno lilikuwa mdomoni. Kebo akakuna kichwa, akagundua kwamba laptopu nayo ina kinyongo, ilikuwa bado imeshikilia lile jibu baya la mwanzo. Akaipa amri ya kusahau. Nikaandika jina tena, na wale watoto wakatokea wanacheka, na safari hii nikacheka nao. Nikapakia bei, nikapakia majalada, nikabonyeza. Karani wao alinipigia saa kumi haijagonga akaniambia, “Dada, nimekuona.”

Kebo hakuniuliza zaidi, nami sikumwambia. Mkata karatasi mpaka leo anaamini kufuli lile aliwekewa yeye, na tangu siku hiyo anawahi kazini kuliko mimi. Sijamsahihisha.

Basi neno lenyewe ndilo hilo, Kaka. Najua. Hasira ya kukudharau sina, na mama hajui, wala hatajua kwangu. Hasira niliyonayo ni moja, na lazima niiseme isije ikaoza: ulikiambia kisanduku kabla ya kuniambia mimi dada yako.

Amri yako ipo pale pale kama ulivyoiandika. Neno la siri nimelibadilisha, tunalijua mimi na wifi, usilitafute. Lakini nimeliwaza sana jambo hili, na hesabu haifungi. Kisanduku kinalinda chumba kimoja. Huko uliko hakipo. Uko na simu mfukoni, chumba cha kupanga, na jioni ndefu baada ya kazi. Sijui unafanyaje. Sikuulizi kwa barua, na sitaki unijibu kwa barua. Nataka siku ikikuvuta, kabla hujagusa kitu, unipigie. Usitafute la kuanzia. Niambie tu “leo ni leo,” nami nitaelewa, nitazima mashine nitakaa na wewe kwenye simu mpaka ipite, hata kama tutazungumzia bei ya gundi.

Alfabeti wamejibu jana. Kazi ni yetu, na wameongeza madaftari ya kuchora, yenye majalada ya rangi. Ile bluu yao mimi na mkata karatasi tumeijaribu mara kadhaa inatoka kama maji ya kufulia. Wewe ndiye unayeijua. Mkataba wako wa huko ukiisha usiongeze mwingine. Urudi kwenye wino. Vitabu, kasha na benki vibaki kwangu kwa muda utakaoutaka wewe, na hilo mbele ya watu tutasema ni kwa sababu mimi ni mchoyo, jambo ambalo kila mtu ataliamini bila shida.

Wifi anakusalimu, watoto wanakusalimu, yule wa meno anakusalimu kwa vitendo. Mama anasema uvae kitu kizito usiku. Nami nakuaga kwa leo nikiwa na wino mikononi na simu karibu.

Ni mimi dada yako,
msimamizi wa ofisi yetu sote wawili.