Kifuniko cha Jemadari

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimesugua vifuniko tangu alfajiri. Sufuria tisa zimerudi kutoka matanga ya mtu wa mtaa wetu, kule Majengo. Mbili zina masizi ya kuni mbichi. Jemadari, ile kubwa kupita zote, imebonyea ubavu. Waliibwaga kutoka garini.

Aibu ya juzi haijanitoka. Waliozika adhuhuri walikula baada ya magharibi. Mwenye pikapu ya kukodi alikuja saa tisa, akasimama barabara kuu kama kawaida yake, akasema gari lake haliingii vichochoroni. Jemadari hubebwa na wanaume wanne. Mpaka wapatikane wanne, saa nzima imekwisha. Wafiwa hawakusema neno. Heri wangesema.

Vyombo hivi ni wakfu wa marehemu mama. Alivitoa ili asiwepo mtu wa mtaa huu atakayelipia sufuria siku ya kumzika mzazi wake. Mimi ndimi mtunzaji. Kazi ya mtunzaji si kusugua tu.

Jumapili, 5 Oktoba

Kikao cha mtaa baada ya alasiri. Katibu Sefu, jirani yangu wa nyumba ya tatu, ametoa shauri: vyombo akabidhiwe mkodishaji wa mahema, kwa kuwa ana malori. Atavifikisha kwa wakati na atatoza ada ndogo. Niliuliza, ndogo kwa nani?

Nikasema nitanunua pikapu kwa pesa zangu. Ya dizeli, iliyotumika, nzima. Italetwa mpaka mlangoni pa ghala la vyombo.

Walicheka. Katibu akasema, "Bi Mwalimu, gari si insha. Hulitii kalamu nyekundu likanyooka."

Nimepewa wiki mbili. Jumapili ya tarehe 19, gari lisipokuwa mlangoni, vyombo vinakwenda.

Wamesahau. Marehemu mume wangu alikuwa na lori dogo la mbao. Alipovunjika mguu niliendesha mimi, miaka miwili, Mariakani na kurudi. Nilijua kwa sikio tu kama injini ina kiu au ina homa. Leseni yangu haijaisha muda.

Akiba ni laki saba. Hakuna ya nane.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepima kichochoro kwa kamba ya katani. Ukuta hadi ukuta, penye ufinyu kuliko pote, yaani kati ya nyumba ya Katibu na ile inayoielekea. Nimefunga fundo.

Kipimo cha pili ni kifuniko cha Jemadari. Kisipolala chini nyuma ya pikapu, kati ya matuta mawili ya magurudumu, gari hilo si letu.

Nimempigia simu Kombo, fundi wa magari Majengo. Nilimfundisha darasa la saba. Nilimkaririsha darasa hilo mwaka mmoja na hajanisamehe. Atakuja kesho.

Jumanne, 7 Oktoba

Yadi ya magari, njia ya Makupa. Pikapu nyeupe, inang'aa kama jino. Kifuniko kimeingia. Wauzaji walinikodolea macho, mwanamke mzima na kifuniko cha sufuria kwapani. Wakodoe.

Muuzaji ni mtu laini, mwenye manukato. Alinipa kadi ya matengenezo: oili imebadilishwa kila baada ya miezi mitatu, miaka sita mfululizo. Nikaisoma mara moja tu. Kalamu moja. Mkono mmoja. Wino haukufifia popote. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Naijua kazi ya nyumbani iliyoandikwa yote asubuhi moja, kabla ya kengele.

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Saa mbili na robo asubuhi, na boneti ilikuwa ya moto.

"Tuliisogeza kidogo tu, Mama," akasema.

Kombo alinong'ona kwamba injini ya dizeli inayopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika ina jambo inaloficha. Nilijua. Nilimwacha aseme, maana alisema sawasawa.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumerudi yadi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Muuzaji hajafika. Mlinzi, mtu mwema, alikubali kuiwasha. Mara ya kwanza haikuwaka. Ya pili haikuwaka. Ya nne ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mpaka mlinzi akafunika pua kwa kofia. Kombo akafungua kifuniko cha oili: injini inapumua nje kama birika.

Nimeondoka bila kuaga. Si desturi yangu. Sijutii.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kizingo. Nyumba yenye ua mpana. Mwenyewe ni daktari mstaafu anayehamia bara. Pikapu ya buluu. Injini baridi kabisa, ikawaka mara moja. Moshi haba. Kifuniko kililala vizuri. Kombo alikaa chini ya gari nusu saa, akatoka anatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu mbele yangu.

Bei: laki saba kamili. Nikapima upana wake kwa kamba. Kamba ilizidi kwa shubiri moja. Daktari ameniruhusu niijaribu mtaani kesho kabla ya kulipa.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Ijumaa, 10 Oktoba

Fedheha.

Nilifika na pikapu ya daktari saa nane kasoro, watu wanatoka msikitini. Nilikuwa usukani, Kombo mbele akiniongoza kwa mikono. Penye nyumba ya Katibu gari likakwama. Halikwenda mbele wala nyuma. Upande huu baraza la Katibu, upande ule baraza la jirani yake, na pikapu katikati imebanwa kama kidole mlangoni.

Mtaa mzima ukakusanyika. Wazee waliokuwa wakienda kula walishindwa kupita.

"Yakhe, sasa sisi twapita wapi? Tukate tiketi, tuingie mlango huu tutokee ule?"

"Bi Mwalimu, washa feni basi, abiria watoka jasho!"

Katibu alisimama mlangoni kwake na kikombe cha kahawa. Alikunywa mpaka kicheko kilipotulia. Kisha akasema, "Msimcheke. Ameweka nukta mahali pasipo na nukta."

Tulilisukuma nyuma kwa robo saa. Rangi ya mlango imekwanguka.

Nilianza kuandika "kwa bahati mbaya". Nimefuta. Lilikuwa kosa langu. Nilipima kwenye usawa wa kifua. Baraza liko kwenye usawa wa goti. Nimezaliwa katika kichochoro hiki, nimeyakalia mabaraza yale tangu utotoni, nimesutwa juu yake na kusuta. Kwa hiyo sikuyaona. Mgeni angeyaona mara moja, akayapima. Kwangu mimi baraza halikuwa jiwe, lilikuwa mahali pa mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemrudishia daktari gari lake na nimelipa rangi. Zimebaki laki sita na elfu themanini na tano. Aliniuliza kama nitahitaji kiti nipumzike. Nikamwambia sikuja kupumzika.

Katibu naye ametuma salamu kwamba nipumzike. Naona wamepatana.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepima upya. Magoti chini, asubuhi, watu wanapita juu ya kamba yangu. Goti la kulia bado linauma. Katibu alikuwa amekaa barazani, miguu inaning'inia njiani.

"Wanipimia kaburi?"

"Inua miguu, Katibu."

"Baraza ni langu na miguu ni yangu."

Nikapima miguu yake ikiwa hapo hapo. Fundo jipya liko chini ya lile la kwanza kwa zaidi ya shubiri mbili. Gari litakalopita hapo litakuwa jembamba, la zamani, la milango miwili. Magari ya siku hizi yamenenepa.

Wiki moja imebaki.

Jumanne, 14 Oktoba

Kombo alipiga simu kabla ya saa tatu. Kuna mzee Likoni, Mzee Charo, anauza pikapu aliyobebea nazi miaka kumi na tisa. Macho yamemwishia nguvu, hawezi tena kuendesha.

Tukavuka Feri kwa miguu, mimi, Kombo na kifuniko changu. Mchuuzi mmoja wa korosho akaniuliza pilau ni wapi.

Pikapu ina rangi ya bizari. Mlango wa kushoto umebonyea. Kioo kimoja cha pembeni kimefungwa kwa waya. Ubao wa nyuma umetengenezwa na seremala. Nilipoiona nilikasirika kwamba nimevuka bahari kwa ajili ya kile.

Nikapima. Upana: umeingia ndani ya fundo, umebaki upana wa vidole vitatu. Nyuma: bapa tupu, halina matuta. Kifuniko kilitulia kama kimefika nyumbani.

Kombo akaingia chini na nyundo ndogo, akigonga fremu kutafuta kutu. Gari la pwani huliwa na chumvi kutoka chini, na rangi huficha. Alitoka na maneno mawili: "Chuma kizima." Nilimwambia hilo ni jibu kamili.

Kisha Mzee Charo akaleta daftari la shule, jalada limekatika. Kila alipobadilisha oili aliandika siku na tarehe. Kila alipobadilisha chujio la dizeli, siku na tarehe. Nilihesabu aina saba za kalamu. Ukurasa mmoja ni wa penseli. Kurasa nyingi zina alama ya kidole chenye oili. Mwandiko unaanza umesimama wima, na mwishoni unatetemeka. Hakuna awezaye kughushi miaka kumi na tisa ya mkono unaozeeka.

Nililisoma lote, nimesimama juani. Hakuniharakisha.

Anataka laki saba na nusu. Nilimwambia nilicho nacho, bila kuremba. Hajakubali. Amesema nirudi alfajiri ya Alhamisi, injini imelala usiku kucha, niisikie kwanza ndipo tuzungumze.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Katibu mbele ya ghala na mwenye mahema. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nimeanika majamvi. Mtu yule alikuwa ndani. Alikuwa akigongagonga Jemadari kwa ufunguo wa gari lake, akisikiliza mlio, kama mtu anayechagua tikiti maji.

Nikamwambia atoke.

Katibu akasema, "Tunatazama tu, Bi Mwalimu. Mbona wajipa tabu na Jumapili iko karibu?"

"Jumapili haijafika," nikasema. Nikafunga. Nikatia kufuli mbili.

Mama alizinunua sufuria hizi moja moja, kwa kushona kofia. Sitampa mtu azigonge.

Alhamisi, 16 Oktoba

Feri ya kwanza baada ya swala. Boneti baridi kama mtungi. Nilikaa usukani mwenyewe. Nikasubiri taa ndogo ya dashibodi izimike, nikawasha. Ikaitika mara ile ile. Moshi kidogo, kisha hakuna. Mlio mzito, sawa, hauna kigugumizi. Nilifumba macho nikausikiliza. Ulinikumbusha lori la mbao, na mtu aliyekuwa ameketi kando yangu na mguu wake wa plasta, akinikosoa.

Mzee Charo akauliza, "Mama, hicho kifuniko ni cha nini hata hukiachi?"

Nikamweleza: wakfu, mtaa, Katibu, mwenye mahema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hamtozi mtu?"

"Hatutozi."

"Basi lete hizo ulizo nazo. Lakini siku yangu ikifika, sufuria hiyo ivuke Feri ije hapa."

Mama alisema mtaa huu. Nilifikiri. Kisha nikamwambia itavuka, na kama ningali hai nitaileta mimi. Tukapeana mikono. Alinipa funguo na daftari. Aliligusa gari mara moja tu kwenye ubavu, akaingia ndani. Sikumtazama. Mtu ana haki ya kuaga peke yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Karatasi za gari zimekamilika, jina ni la wakfu, si langu. Pikapu imelala uani kwa Kombo. Nilimtaka asimwambie mtu. Amebadilisha ukanda na mabomba mawili ya maji, akakataa kulipwa. Alisema, "Mwalimu, ule mwaka ulionikaririsha, ndio niliojua kusoma." Nilimwambia akaze nati za gurudumu la nyuma.

Jumapili, 19 Oktoba

Kikao kilikuwa kwenye baraza la Katibu, wazee wamejipanga pande zote mbili. Sikuhudhuria kwa miguu.

Niliingia kichochoroni kwa gia ya kwanza, polepole. Sikupiga honi. Mlio uliwatosha. Mmoja mmoja walivuta miguu. Nilipofika penye ufinyu sikutazama kulia wala kushoto. Nilitazama mlango wa ghala. Vidole vitatu. Nilisikia mtu akisema, "Lo, yapita!" na mwingine, "Nyamaza, utamtoa njiani."

Katibu hakuwa amevuta miguu. Nikasimamisha gari. Injini inanguruma. Watu wote wakamwangalia.

Akainua.

Nikapita. Nikasogea mpaka mlangoni pa ghala, nikazima, nikateremka. Mwenyekiti akasema kikao kimekwisha kwa kuwa hakuna cha kujadili. Mwenye mahema alikuwa ameshaondoka.

Jumanne, 21 Oktoba

Amefariki mzee mshona viatu wa kichochoro cha nyuma, Mungu amrehemu. Hakuwa na mtoto wala akiba. Habari ilitoka saa moja asubuhi. Wanaume wanne walipakia Jemadari papo hapo mlangoni. Saa tatu ilikuwa motoni. Waliokwenda kuzika walirudi, wakanawa, wakala. Hakuna aliyeuliza nani alipe.

Katibu alikuwa barazani nilipotoka na nilipoingia. Mara zote mbili aliinua miguu kabla sijafika.

Jioni nimefungua daftari la Mzee Charo. Chini ya mstari wake wa mwisho, bila kuruka nafasi, nimeandika siku na tarehe. Oili imeangaliwa. Haijapungua.