Pumzi za Husna

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. U hali gani huko Maskati na joto lenu la Agosti? Mgongo umepona? Na hao watoto unaowalea, wameshakuzoea? Sisi huku hatujambo sote, na Husna ni mzima kabisa. Hilo nalitanguliza makusudi, maana nakujua, ukiona tu jina la mwanao utaanza kuruka mistari. Soma taratibu.

Nimepata ujumbe wako. Unasema Husna amekununia, kila ukipiga simu anajibu "ndiyo mama, hapana mama, haya mama," kisha anairudisha simu kwangu. Unasema miaka miwili imetosha kumfanya akusahau, na unataka kuvunja mkataba urudi. Mwanaidi, hujasahauliwa. Kosa lilikuwa langu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Barua anakuletea jirani yetu Awadhi, anasafiri Alhamisi.

Kazi yangu unaijua. Nusu ya maharusi wa Kariakoo wamenukia kwa mkono wangu, na kujisifu sioni haya. Nguo nilikuwa nazifukiza udi humu chumbani, madirisha nimeyafunga ili harufu ishike. Husna alipoanza kukohoa, mvua za Aprili, nikasema mafua. Yalipozidi nikasema kijicho. Basi kila jioni nikawa namkalisha mbele ya chetezo, namfunika khanga, namfukiza ubani. Akikohoa, naongeza ubani. Dada yako huyo, fundi wa maharusi!

Jumapili moja mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa nafukiza nguo za binti wa Mzee Fikirini, Husna ananikunjia. Nikasikia kifua chake kinalia kama filimbi. Kugeuka, mabega yamepanda, shingo imebonyea, midomo imebadilika rangi, neno halimalizi. Mwanaidi, sijapata kuogopa vile maishani. Shemeji yako Kitwana alimbeba mbiombio mpaka kwenye bajaji, na mimi nyuma pekupeku.

Hospitalini tulipokelewa na daktari msichana, Mhindi wa hapa hapa mjini, anaitwa Neha. Alimvalisha kinyago cha dawa ya mvuke, na baada ya nusu saa mtoto akatulia. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, nyumbani kuna moshi?"

Nikajibu bila kusita kwamba hakuna, sisi tunapikia gesi.

"Na udi je?"

"Udi si moshi, daktari. Udi ni manukato."

Akavuta kalamu. Wallahi niliona aibu kabla hajafungua kinywa.

Alinichorea kwenye karatasi, na kwa kuwa nilielewa vizuri, ngoja nikusomeshe na wewe. Kumbe mapafu hayavuti hewa yenyewe. Chini yake kuna msuli mpana unaitwa kiwambo. Ukishuka, na mbavu zikatanuka, kifua kinapata nafasi na hewa inaingia. Ukilegea na kupanda, hewa inatoka. Njia ya hewa inashuka kooni, inagawanyika mara mbili, halafu inatoa vijitawi na vijitawi vingine, mpaka kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, mamilioni, vimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Hapo ndipo damu inapochukua oksijeni na kuacha hewa chafu tuipumue nje. Oksijeni hiyo inafika kila pembe ya mwili, na ndiyo inayounguza chakula tulichokula tupate nguvu. Ni kama jiko, ila hili halina moshi.

Husna ana pumu, na mwenye pumu vijitawi vyake vina hasira za karibu kama mimi. Vikiguswa na moshi vinavimba kwa ndani, misuli yake inajikaza, ute unajaa. Hewa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, ndiyo ile filimbi. Daktari alinipa mrija wa soda, akaniambia nibane pua, nipumulie humo huku napanda ngazi. Ngazi ya sita nikautupa. Mwanao aliishi hivyo miezi mitatu, na mimi nimekaa naye chumba kimoja. Nisamehe.

Sasa ana dawa mbili za kuvuta kwa pampu. Moja ni ya kila asubuhi na jioni, inatuliza uvimbe. Nyingine ni ya pale kifua kinapobana. Najua utasema akizoea pampu hataiacha. Mimi nilisema hivyo hivyo kwa sauti kubwa, watu wakageuka, na daktari akanieleza kwamba kinachodhuru ni kuiacha hovyo. Chetezo nimekihamishia Buguruni, nimepanga kichumba kwa ajili ya kazi tu. Nikitoka huko naoga na kubadili nguo ndipo namkaribia mtoto. Nyumbani hakunukii chochote, na Kitwana analalamika. Alalamike.

Kitwana huyo anakusalimu sana, na Mzee Fikirini, na Zawadi binti yangu. Harusi ilifana, bibi harusi alinukia mtaa mzima.

Hili la mwisho ni siri niliyoapishwa, na ninaivunja. Nilimuuliza Husna kwa nini alikuwa hataki kuongea na wewe. Akainamisha kichwa, akasema, "Mama mkubwa, nikisema maneno mengi kifua kinalia. Nilikuwa nasema machache ili mama asisikie. Akisikia atalia, na kule hana wa kumbembeleza."

Ukitaka kuja kumchukua ni haki yako, sina neno. Lakini usije kwa kudhani mtoto hakupendi. Mpigie Ijumaa, akishatoka shule, na umwache aseme mpaka achoke mwenyewe.

Mola akulinde ugenini na akurudishe kwetu kwa heri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa dhati,
Zamda