Droo ya Kadi za Vitabu

Mjukuu wangu Chebet,

Huku hatujambo. Ng'ombe wa baba yako amezaa, na mvua imeanza vizuri.

Umeniuliza kama programu uliyotengenezea maktaba uifunge au uiache wazi, ili maktaba yoyote iitumie na kuirekebisha, na orodha ya vitabu isomwe na kila mtu mtandaoni.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi katika maktaba ndogo hapa Nakuru. Mkubwa wetu alifungia kwenye droo kadi zilizoonyesha kila kitabu kiko rafu gani, ati wasomaji watazivuruga. Siku moja akaenda matanga Mai Mahiu na ufunguo mfukoni. Ndipo akaingia kijana kutoka Keringet, ambaye baadaye alikuja kuwa babu yako. Viazi vyake vilikuwa vinaoza shambani, naye alitaka kitabu cha magonjwa ya mimea.

"Kipo, lakini sijui kiko rafu gani," nikamwambia.

"Basi hakipo, dada."

Tulitafuta hadi jioni, tukakipata katikati ya vitabu vya kuku.

"Kumbe kuku wenu ndio wanasoma!" akasema.

Gari la mwisho lilikuwa limeondoka. Hata hivyo, aliomba karatasi, akaandika vitabu vya kilimo vilipo, akaibandika mlangoni. Nikamuuliza ya nini, na shida yake imekwisha.

"Kesho atakuja mwingine, na yeye ana shamba."

Tangu tumzike, maneno hayo hunijia mara nyingi. Iache wazi, mama.

Nyanya yako