Mashine Tisa Zilizokataa Kuwaka

Hewa Bora, Lubumbashi
Tarehe 14 Mei

Papa mpenzi,

Ninakusalimu sana, wewe na Mama. Goti lako linaendeleaje? Na Mama bado anakuficha chumvi? Sisi huku tu wazima. Ningepiga simu, lakini ninajijua, ningekata katikati. Ndiyo maana ninamkabidhi jirani yangu Simone barua hii. Kesho anapanda lori la kuja huko kwenu Kilwa, ziwani.

Wiki iliyopita Bwana Gauthier, mkuu wetu, alitaka kompyuta zote ishirini na mbili za ofisi ziwe na mfumo mmoja. Nikatayarisha moja vizuri, ile mpya ya mezani kwangu, nikanakili diski yake nzima, nikaipakia nakala hiyo kwenye zote. Nikarudi nyumbani nikijiona fundi wa mafundi. Asubuhi mashine tisa zikagoma: kioo cheusi, maandishi meupe kwamba hakuna diski ya kuwashia. Malori ya shaba yakasimama yakingoja karatasi zetu za forodha.

Unaujua mji huu: kitu kikiharibika, ni umeme. Bwana Gauthier alipouliza, nami nikasema labda ni umeme. Niliona aibu, Papa, nikasema tu. Basi lawama ikamwangukia Faustin, anayewasha jenereta yetu, baba wa watoto watano. Aliambiwa arudishe funguo na asije tena. Akanijia, akaniambia polepole, "Miye sikugusa kintu, mama."

Nikatoa diski ya mashine moja iliyogoma, nikaichomeka kwenye ile mpya. Ikawaka bila shida! Umeme haukuharibu kitu. Nikazitazama zile tisa: zote ni za zamani, zinaanza kwa njia ya zamani, na nakala yangu inajua njia mpya tu. Sikuwa nimeijaribu hata kwenye moja. Nikaenda kwa Bwana Gauthier, nikamwambia mbele ya Faustin kwamba kosa ni langu. Alinigombeza vikali, lakini akamrudishia Faustin funguo, nami akanipa mpaka jioni. Nikatengeneza nakala ya pili kwa ajili ya zile za zamani. Saa kumi na moja zote tisa zikawaka, na Faustin akapiga makofi peke yake.

Tangu hapo ninamfikiria Lombe, jirani yetu aliyekuwa akikusaidia mtumbwini. Papa, injini ya mtumbwi wako ilipokufa, ulimfukuza ukisema alitia mafuta machafu. Mafuta yale niliyatia mimi, kwa dumu lililokuwa na maji. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaogopa, nikanyamaza. Sasa ni miaka kumi na minne hamsalimiani, na milango yenu inatazamana. Nisamehe, Papa.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine ndogo, yenye jina lake. Tafadhali usimtume mtu. Vuka njia, umpe mwenyewe mkononi.

Mbusu Mama, wasalimie wote wanaoniulizia. Krismasi ninakuja, na ninatamani kumkuta Lombe mezani kwetu.

Mimi binti yako,
Daniella Kunda