Jani la Njia Panda

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sisi wazima, ila babu yako bado anagombana na nyani kwenye mahindi.

Umeniuliza, huko Mwanza utamwaminije mtu usiyemjua. Mimi wa kwangu sikumwamini. Nilikuwa nashuka milima kutoka Mponde kwenda Magoma, mama yako mchanga mgongoni, ukungu umefunga hata nyayo zangu sizioni. Mwanamume nisiyemjua akanipita, nikajibanza pembeni.

"Pole na mtoto, mama," akasema. "Nina haraka, siwezi kukungoja. Kama nawe unakwenda Magoma, kila penye njia panda nitalaza jani. Njia yenye jani usiifuate."

Nikawaza, je, akinipoteza makusudi? Lakini kila njia ilipogawanyika nilikuta jani bichi limelazwa upande mmoja, nami nikashika mwingine, nikinung'unika. Magoma tukafika jua lingalipo.

Sikumwona tena, wala sura yake siijui. Ila hadi leo, nikitoka shambani ukungu ukashuka, nikasikia kikohozi cha mtu huko nyuma, mkono wangu wenyewe unatafuta jani la kumlazia.

Bibi yako