Vumbi la Madirisha ya Chumba cha Mwanao

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Na yule mwajiri wako, bado anakuchelewesha kutoka kazini? Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa. Shemeji yako mzima. Mwanao leo hajambo. Nimeandika "leo" kwa makusudi, na barua hii nimeshaichana mara kadhaa kabla ya kufika hapa.

Nilikudanganya. Niliposema kwenye simu kwamba mwanao, Chiriku wetu, ana mafua, hakuwa na mafua.

Ni yale madirisha niliyokutumia picha, ukanisifu. Nilitaka chumba cha mwanao kipendeze, nikanunua msasa, nikasugua rangi kuukuu mpaka mbao zikatoka. Nyumba hii unaijua, rangi imepakwa juu ya rangi tangu hatujazaliwa. Vumbi likatanda chini kama unga. Mwanao alikuwa amekaa papo hapo, anachora kwa kidole, kisha kidole kinaingia mdomoni. Nilimwona, mdogo wangu. Nilicheka, nikamwita shemeji yako aje amwone msanii wetu.

Baada ya muda akaanza kukataa chakula. Tumbo likamuuma, choo kikawa cha shida, akawa analia ovyo. Kisha akanyamaza. Mtoto aliyekuwa haachi kusema hata akiwa na tonge mdomoni, kimya! Mama akasema, "Huyu si yeye." Nikamjibu kwa ukali kwamba ni meno tu.

Kliniki daktari aliuliza kama nyumbani kulikuwa na ukarabati wowote. Nikasema hakuna. Mpaka sasa sijui kama sikufikiri, au nilishahisi nikaogopa. Mama akanigeukia mbele ya watu: "Kwani yale madirisha uliyasugua usingizini?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walimtoa damu. Nesi alipopiga simu kusema damu ya mtoto imekutwa na risasi, shemeji yako aliruka kutoka kitini: "Kapigwa na nani?" Nesi akamweleza kwamba ni madini, zamani yalitiwa kwenye rangi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Bwana afya akaja. Alikwangua vipande vidogo vya rangi hadi tabaka la chini kabisa, akavitia kwenye mifuko vikapimwe maabara. Majibu yalipotoka, risasi ilikuwa imejaa kwenye zile rangi za chini, hizo hizo nilizozigeuza vumbi. Akatukataza kusugua rangi kavu, kuichoma moto, hata kufagia kwa ufagio, maana vumbi linaruka upya.

Tukahamia kwa jirani yetu fundi cherehani. Mafundi waliozoea kazi hiyo walitandika nailoni sakafuni, wakavaa barakoa, wakawa wanailowesha rangi kwanza ndipo wanaikwangua. Dirisha lililokuwa likisuguana kila likifunguliwa waling'oa lote. Taka zikafungwa kwenye mifuko, bwana afya akaonyesha pa kuzipeleka. Wakafuta kila mahali kwa vitambaa vibichi na sabuni, wakapaka rangi isiyo na risasi. Hatukurudi ndani mpaka vumbi la sakafuni lilipopimwa tena likaonekana salama.

Damu yake imepimwa mara ya pili. Risasi imepungua, haijaisha. Daktari hakumpa dawa, alisema la kwanza ni kumtenga na vumbi, anawe mikono kabla ya kula, apate maziwa, maharage na mboga za majani. Ameanza kusema tena, na jana alimgombeza paka. Nilipomuuliza daktari kama atakuwa sawa, alijibu, "Tutaendelea kumfuatilia, mama. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi." Nami siwezi kukuahidi zaidi yake.

Usidhani nimepata ujasiri wa kuandika peke yangu. Mama aliniambia, "Usipomwandikia wewe, nampigia mimi." Namba ya daktari iko nyuma ya karatasi hii, muulize mwenyewe bila mimi katikati. Na ukiona mwanao akae kwa shangazi yake, dada wa baba yake, mpaka urudi, niambie tu. Nitampeleka kwa mikono yangu na sitakununia. Ulinikabidhi mtoto, nami nikamlisha sumu huku nacheka.

Mama anakusalimu sana, na shemeji yako pia. Fundi cherehani naye anakuulizia. Mungu akulinde huko ugenini, na amkamilishie mwanao afya ambayo mimi siwezi kumrudishia.

Nikupendaye, hata ukishindwa kunijibu,
Dada yako